Nambari Zote Si za Kujumlisha: Mtoto Anapoanza Somo la Takwimu

Nambari ya Kaunti ya Homa Bay ni 43 na ya Migori ni 44. Mwulize mtoto wa Gredi ya 4 kama Migori imeizidi Homa Bay kwa moja. Huenda akakubali haraka, maana amefunzwa kuwa 44 ni kubwa kuliko 43. Kumbe nambari hizo ni majina tu. Zinafuata orodha ya kaunti 47 iliyo katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya mwaka wa 2010. Ukizijumlisha unapata 87, na hakuna kaunti ya 87.

Hapo ndipo somo la takwimu linapoanzia. Kabla ya mtoto kujumlisha, kugawanya au kuchora grafu, anahitaji kujua nambari iliyo mbele yake ni ya aina gani. Mada ya kushughulikia data imo katika Hisabati ya shule ya msingi na inaendelea hadi sekondari msingi, lakini wazazi wengi hawakusoma hivyo enzi zao, na mtoto anapoleta kazi ya nyumbani yenye jedwali la vijiti vya kuhesabia, mzazi hubaki akiangalia tu. Makala haya ni ya mzazi huyo, na pia ya mkazi yeyote anayesikia asilimia zikitajwa redioni.

Data ni majibu yaliyokusanywa kwa kuuliza swali moja kwa namna moja. Mwalimu akiuliza darasa zima, "Unakuja shuleni kwa njia gani?", majibu yatakuwa kwa miguu, kwa bodaboda, kwa baiskeli, na kwa mtoto wa kisiwani huenda ikawa kwa mashua. Hizo ni data za sifa. Mwanafunzi anaweza kuhesabu wangapi wako katika kila kundi na kuchora nguzo, moja ndefu na nyingine fupi. Asichoweza ni kutafuta wastani wa baiskeli na mashua.

Makundi yenyewe huwekwa na watu, na yanaweza kubadilika. Katika sensa ya mwaka wa 2019, Kenya iliweka jinsia tatu kwenye fomu kwa mara ya kwanza, wa tatu wakiwa watu wenye jinsia mbili. Migori ilihesabu wanaume 536,187, wanawake 580,214 na watu 35 wenye jinsia mbili. Homa Bay ilipata wanaume 539,560, wanawake 592,367 na watu 23 wenye jinsia mbili. Watu hao 58 hawakuzaliwa mwaka wa 2019. Sensa za awali hazikuwa na mahali pa kuwaandika.

Aina ya pili mzazi anaikuta kwenye ripoti ya mtoto: Kuzidisha Matarajio, Kufikia Matarajio, Kukaribia Matarajio, na Mbali na Matarajio. Hizi zina mpangilio, kuna ya juu na ya chini, lakini hakuna anayejua kama hatua kutoka ya tatu hadi ya pili ni sawa na hatua kutoka ya pili hadi ya kwanza. Shule zikizipa nambari 4, 3, 2 na 1, kishawishi cha kutafuta wastani kinakuwa kikubwa. Mtoto mwenye 4 katika Hisabati na 2 katika Kiingereza ana wastani wa 3, sawa kabisa na mwenzake mwenye 3 na 3. Ilhali mmoja wao anahitaji msaada wa haraka katika kusoma, na wastani umeuficha.

Halafu kuna nambari zenyewe, na hizi ni za namna mbili. Nyingine huhesabiwa: mbuzi, madawati, mashua, watoto. Huwezi kuwa na mbuzi wawili na nusu zizini. Nyingine hupimwa: uzito wa miwa inayopelekwa kiwandani Awendo, kimo cha mtoto, mvua, maji ya ziwa. Kipimo daima hutegemea chombo. Kila mama aliyenunua omena sokoni anaijua gorogoro iliyobonyea chini, na anajua tofauti ya gorogoro iliyojazwa hadi kilele na ile iliyokatwa juu kwa kiganja. Mwalimu akitaka kufunza jambo hili hahitaji kifaa chochote cha bei. Gorogoro mbili tofauti na rundo moja la mahindi zinatosha. Wanafunzi wapime rundo hilo hilo kwa zote mbili, waandike, kisha wabishane.

Ziwa Victoria linatoa mfano mzuri zaidi. Mnamo Mei 2020 maji yalipanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, Uganda, mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Rekodi ya awali ilikuwa mita 13.41, ya Mei 1964. Kwa wakazi wa fuo za Homa Bay na Migori sentimita hizo hazikuwa hesabu ya darasani. Nyumba, mashamba na vyoo viliingia majini. Lakini je, mita 13.42 ni kina cha ziwa? Hapana. Mahali penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80. Sufuri ya kipimo cha Jinja haiko kwenye sakafu ya ziwa. Ni alama iliyowekwa na binadamu. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kusema kwa uhakika kwamba maji ya 2020 yalizidi ya 1964 kwa sentimita moja, lakini akisoma mita 6 katika kipimo kama hicho asiseme ziwa lina nusu ya maji. Kutoa kunafaa, kugawanya hakufai. Watu wazima wengi hukosea hapa.

Wastani na mashua tano

Sasa tuseme mashua tano zimerudi Sori asubuhi na omena: kilo 40, 45, 50, 55 na 310. Jumla ni kilo 500, na wastani ni kilo 100. Ukiwaambia wavuvi kuwa kila mashua ilipata kilo 100 kwa wastani, wanne kati yao watakucheka. Hakuna hata mmoja wao aliyefika 60. Panga nambari hizo kutoka ndogo hadi kubwa kisha uchukue ya kati: ni 50. Hiyo inaieleza asubuhi ile vizuri zaidi.

Kisha karani wa ufuo anaangalia tena daftari na kugundua kwamba 310 ilikuwa 31, sufuri iliongezwa kwa bahati mbaya. Jumla inashuka hadi kilo 221 na wastani hadi kilo 44.2. Nambari ya kati inatoka 50 hadi 45 tu. Sufuri moja imeporomosha wastani kwa zaidi ya nusu, na nambari ya kati imesogea kidogo. Kama kuna mtu alikuwa anapanga ukubwa wa banda la kukaushia omena kwa kutumia ule wastani wa kwanza, angejenga mara mbili ya linalohitajika.

Wastani una kituko kingine. Sensa ya 2019 ilipata kwamba kaya moja ya Migori ina watu 4.6 kwa wastani, na ya Homa Bay 4.3. Hakuna nyumba yenye watu 4.6. Watu huhesabiwa, lakini wastani wao huangukia popote, na mwalimu asimkemee mtoto anayeuliza ile sehemu ya mtu iko wapi. Ni swali zuri.

Jumla pekee nayo haitoshi. Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori 1,116,436, tofauti ya watu 15,514. Ukiishia hapo utadhani Homa Bay ndiyo iliyobanana. Ukigawanya kwa ukubwa wa ardhi unapata takriban watu 427 kwa kila kilomita ya mraba Migori, na 359 Homa Bay. Nambari hizi zina uzito wake: idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo ambavyo Tume ya Ugavi wa Mapato huvipendekeza na Bunge kuviidhinisha katika kugawa fedha kati ya kaunti zote 47. Mtu aliyelala Rongo au Mbita usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 na asihesabiwe, anakosekana katika hesabu hiyo hadi sensa inayofuata.

Asilimia inayoumiza

Kuna takwimu moja ambayo kaunti hizi mbili husikia mara kwa mara, na wanafunzi wakubwa wanastahili kufunzwa namna ya kuisoma kwa sababu inawahusu wao wenyewe. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika Homa Bay wamewahi kupata mimba. Migori pia ilikuwa asilimia 23. Kitaifa ilikuwa asilimia 15.

Mara nyingi hilo hutafsiriwa kuwa "karibu msichana mmoja kati ya wanne ana mimba." Sivyo. Neno ni "wamewahi". Ndani yake wamo waliokwisha kujifungua, waliopoteza mimba na wajawazito wa wakati ule. Tena kundi linafika miaka 19, na msichana wa miaka 19 huenda amemaliza shule na kuolewa. Kusoma vizuri hakupunguzi uzito wa jambo. Asilimia 23 bado ni kubwa mno. Lakini kunazuia binti wa Gredi ya 9 kutazamwa kama mshukiwa.

Mwaka wa 2014 utafiti kama huo ulitoa asilimia 33 kwa Homa Bay na 24 kwa Migori. Je, hali imekuwa bora? Swali la 2014 halikuwa sawa kabisa na la 2022, kwani halikuhesabu mimba zilizopotea kwa njia ile ile. Pia hizi ni sampuli: wanaohojiwa ni baadhi ya wasichana wa kila kaunti, si wote. Kutoka 24 hadi 23 kunaweza kutokana tu na nani aliyekutwa nyumbani siku hiyo, na haifai kushangiliwa. Kutoka 33 hadi 23 ni pengo pana zaidi, hasa kwa kuwa ile ya 2022 ilihesabu mambo mengi zaidi na bado ikatoka ndogo.

Daftari la mahudhurio

Data ya kwanza ambayo mtoto huingia ndani yake shuleni ni daftari la mahudhurio. Kiwango cha mgao wa serikali kuu kwa shule za msingi za umma ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Watoto 10 wasioonekana katika mfumo wa taarifa za elimu ni shilingi 14,200 ambazo shule haitapangiwa, ingawa watoto hao wanaketi darasani na kutumia chaki ile ile.

Nambari ya cheti cha kuzaliwa imekuwa ikihitajika katika kumsajili mwanafunzi kwenye mfumo huo. Mzazi alinganishe jina lililo kwenye cheti na lile lililo kwenye daftari la mwalimu, herufi kwa herufi. Mtoto aliyezaliwa nyumbani husajiliwa kupitia kwa naibu wa chifu, na ni rahisi zaidi kabla hajatimiza miezi sita. Baada ya hapo, usajili huwa wa kuchelewa na huhitaji nyaraka zaidi katika ofisi ya usajili wa raia.