"Yaya, niko na nafasi kweli?"

Wiki iliyopita, baada ya kile kipindi chetu kuhusu kazi ambazo wazazi hawazitaki, mtoto wa mama yangu mdogo alinitumia ujumbe wa sauti saa tano usiku: "Yaya, niambie ukweli. Niko na nafasi ya kusoma udaktari wa wanyama, ao nijitoe tu mapema?" Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, hapa hapa Anderlecht. Sikumjibu usiku ule. Mimi mwenyewe nilijitoa mapema.

Ndoto yangu ilianzia sokoni. Jumamosi nilikuwa namsindikiza mama Abattoir kununua nyama ya mbuzi, na tukipita rue des Vétérinaires namuuliza hao madaktari wako wapi. Walishahama. Shule ya madaktari wa wanyama ilikaa hapo Cureghem tangu karne ya 19. Mwaka 1969 ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Liège, na kufikia 1991 ilikuwa imemaliza kuhamia Sart-Tilman. Majengo yamebaki. Nilikuwa nayatazama kama watoto wengine wanavyotazama uwanja wa mpira. Mama alikuwa anacheka: "Tumekuleta Ulaya ili ukachome ng'ombe sindano?" Kwake, daktari wa wanyama ni yule mzee wa buti za mpira kule Masisi. Lakini ile nyama anayoichagua kwa makini, imepita kwanza mbele ya macho ya daktari wa wanyama. Hilo sikulijua wakati ule, ningemjibu.

Nikamaliza sekondari 2008. Watu wakasema: wageni wanachaguliwa kwa bahati nasibu. Na ni kweli kulikuwa na bahati nasibu. Wafaransa walikuwa wanavuka mpaka kwa wingi kuja kusoma huku, basi sheria ya Juni 2006 ikaweka kikomo cha nafasi za wasio wakaazi, na waombaji wakizidi kikomo, majina yanatolewa kwa kura. Mimi nilikuwa na pasipoti ya Kongo. Kichwani mwangu mgeni ni nani kama si mimi? Sikumuuliza mtu. Nikaenda zangu famasia.

Sasa sikiliza. Sheria ile haikusema pasipoti, ilisema mkaazi: mtu mwenye makazi yake makuu Ubelgiji, pamoja na sharti jingine mojawapo, kwa mfano awe na haki ya kukaa daima, au mzazi wake awe nayo. Mfaransa wa Lille, na pasipoti yake ya Ulaya, ndiye aliyeingia kwenye kura. Mimi mtoto wa Bukavu, ambaye mama yake alishapata haki ya kukaa daima, ningejiandikisha kama jirani yangu yeyote. Nimeyajua haya nikiwa na miaka 27, nikisoma habari za kesi ya Bressol, ile iliyofika Mahakama ya Ulaya na kutolewa hukumu Aprili 2010. Nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo. Vilikuwa visafi.

Sisemi ningefaulu. Mwaka wa kwanza ulikuwa unaangusha wengi, na kemia yangu ilikuwa ya kubahatisha. Ila ningeanguka kwa kemia, si kwa uvumi.

Basi asubuhi nikampigia mdogo wangu. Nikamuuliza kwanza karatasi: makazi ya nani, tangu lini, kadi ya aina gani. Yuko sawa, ni mkaazi. Halafu lugha. Kwa Kifaransa unaweza kuanzia Namur, Louvain-la-Neuve, Liège au hapa Brussels, lakini miaka mitatu ya mwisho ni Liège tu. Kwa Kiholanzi unaanzia Gent au Antwerpen, unamalizia Gent, na tangu 2023 kuna mtihani wa kuingia. Yeye alisoma shule ya msingi kwa Kiholanzi, kitu ambacho mimi sikuwa nacho, na anakisahau kila akihesabu nafasi zake! Upande wa Kifaransa masharti yanabadilika badilika: 2003 mtihani mlangoni, 2006 hiyo kura, 2016 ushindani ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo nilimkataza kabisa kusikiliza hadithi za kaka wa rafiki yake aliyesoma zamani. Asome masharti ya mwaka wake, tena sasa hivi, maana siku za kujiandikisha zikipita hakuna wa kumlilia.

Tukafika kwenye alama. Hapo akanyamaza.

"Biolojia 16," akasema. "Kemia 13. Hesabu 14."

"Na fizikia?"

"Yaya bana..."

Tisa juu ya ishirini. Nafasi iko, lakini kwa tisa hiyo haiko. Nimemwambia hivyo hivyo. Alikasirika kama dakika mbili, kisha akauliza kama Jumamosi niko nyumbani. Niko. Tunaanza saa tatu, na mama ameshasema atapika.