Mkopo wa elimu ya juu: Uhitaji usio na karatasi hauonekani

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, swali la kwanza katika familia nyingi nchini huwa ni daraja alilopata kijana. Swali la pili, ambalo kwa mzazi mwenye kipato kidogo ndilo zito zaidi, ni nani atakayelipa ada ya chuo.

Kwa familia nyingi, jibu la swali hilo ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Hata hivyo, wapo waombaji wanaokosa mkopo ilhali ni wahitaji wa kweli, kwa sababu tu uhitaji wao haukuonekana katika nyaraka walizowasilisha. Wapo pia wanaopata, lakini wakafika chuoni bila kufahamu kuwa walichopangiwa hakitoshi kulipia gharama zote.

Ili kuepuka hali hizo mbili, ni vyema mwombaji na mzazi wake wakaelewa jinsi mkopo unavyoombwa, unavyopangwa na unavyorejeshwa.

Chimbuko la mikopo

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, gharama za wanafunzi wa vyuo vikuu zilibebwa na Serikali. Idadi ya wanafunzi ilipoongezeka na uwezo wa Hazina kupungua, ilianzishwa sera ya uchangiaji, na mikopo ikaanza kutolewa mwaka 1994 chini ya wizara yenye dhamana ya elimu ya juu.

Bodi yenyewe iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Ilipewa majukumu mawili yanayotegemeana: kutoa mikopo kwa wahitaji na kukusanya madeni ya walionufaika, wakiwamo waliokopeshwa tangu Julai 1994. Fedha zinazorejeshwa na wahitimu huongezwa katika fungu la kuwakopesha wanaofuata.

Nani anastahili

Mwombaji wa shahada ya kwanza anatakiwa kuwa Mtanzania asiyezidi umri wa miaka 35, aliyedahiliwa katika chuo kinachotambulika kwa masomo ya kutwa nzima, na asiyekuwa na kipato cha ajira au mkataba rasmi. Aidha, anapaswa kuwa amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyotangulia.

Kufaulu ndiko kunakomfungulia mlango wa chuo. Lakini baada ya hapo, mkopo hupangwa hasa kwa kupima uhitaji, yaani hali ya kiuchumi ya kaya anayotoka mwombaji, huku fani za kipaumbele kwa taifa zikizingatiwa pia. Kundi linalotazamwa kwa karibu ni la yatima, waliofiwa na mzazi mmoja, wenye ulemavu au wenye wazazi walemavu, wanaotoka katika kaya zinazohudumiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), na waliosoma sekondari kwa ufadhili.

Hapo ndipo nyaraka zinapochukua nafasi kubwa. Maofisa wa Bodi hawafiki nyumbani kwa kila mwombaji kuona paa linalovuja. Wanachokiona ni cheti cha kifo, barua ya mfadhili, namba ya kaya na fomu ya ulemavu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi, mbele ya mfumo, ni mtoto mwenye wazazi wote wawili.

Makosa yanayogharimu

Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa mwezi Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti, ingawa mara kadhaa muda umekuwa ukiongezwa. Ada ya maombi, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa Sh 30,000, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wenyewe, na wala si kwa kumkabidhi mtu fedha mkononi.

Kabla ya kujaza fomu, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya vifo havina budi kuhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Uhakiki huo huchukua siku kadhaa, na foleni huwa ndefu wakati dirisha likiwa wazi. Anayesubiri hadi wiki ya mwisho hujiweka katika hatari ya kufungiwa nje akiwa na karatasi zote mkononi.

Kosa jingine la mara kwa mara ni majina kutofautiana. Cheti cha kuzaliwa kikisomeka "Ally" na cheti cha kidato cha nne "Ali", au jina la kati likiwa limeachwa, mfumo unaweza kushindwa kuoanisha taarifa. Tofauti za namna hiyo zinahitaji kurekebishwa mapema, kwa kuwa marekebisho hupitia ofisi zaidi ya moja.

Hali kadhalika, namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyotumika kuomba chuo ndiyo inayotakiwa kutumika kuomba mkopo. Aliyerudia mtihani na kuwa na namba mbili, akatumia moja chuoni na nyingine Bodi, huonekana kama watu wawili tofauti: mmoja ana chuo bila maombi ya mkopo, na mwingine ana maombi bila chuo.

Fomu ikishajazwa huchapwa, ikasainiwa na mwombaji na mdhamini wake, ikathibitishwa na uongozi wa serikali ya mtaa, kijiji au shehia pamoja na kamishna wa viapo, kisha kurasa zilizosainiwa hurejeshwa katika mfumo. Wapo wanaolipa ada na kujaza kila kitu, lakini wakasahau hatua hii ya mwisho. Maombi yao huhesabika kuwa hayajakamilika.

Kupangiwa si kulipiwa yote

Majina ya waliofanikiwa hutangazwa kwa awamu, kwa kawaida kuanzia Oktoba, na kila mwombaji huona mchanganuo wake katika akaunti yake ya mtandaoni. Mchanganuo huo ndio unaopaswa kusomwa kwa makini kuliko neno "hongera" lililo juu yake.

Mkopo hugawanywa katika vipengele: chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Mwanafunzi anaweza kupewa kipengele kimoja kikamilifu na kingine kwa sehemu tu.

Chukulia chuo chenye ada ya Sh 1,300,000 kwa mwaka. Mwanafunzi aliyepangiwa asilimia 60 ya ada atalipiwa Sh 780,000, na fedha hiyo hupelekwa moja kwa moja chuoni. Sh 520,000 zinazobaki ni jukumu la familia, na chuo kinaweza kumzuia asisajiliwe au asifanye mitihani hadi zilipwe.

Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita "bumu", ilipandishwa kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku mwaka 2022. Kwa anayelipwa kiwango kamili, malipo ya siku 60 ni Sh 600,000. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyepanga chumba nje ya chuo, kodi ya miezi kadhaa inayodaiwa kwa mkupuo inaweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho kabla hajanunua hata daftari.

Asiyeridhika na alichopangiwa ana haki ya kukata rufaa katika muda unaotangazwa. Rufaa yenye nafasi ni ile inayoambatana na ushahidi mpya au uliokosekana awali. Barua ya malalamiko peke yake haibadilishi takwimu zilizomo katika mfumo.

Deni linalomsubiri mhitimu

Jambo linalosahaulika siku ya kusaini ni kwamba mkopo ni deni. Hata aliyeacha masomo njiani hudaiwa kiasi alichokwisha kupokea.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mwajiriwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mhitimu mwenye mshahara wa msingi wa Sh 800,000, hiyo ni Sh 120,000 kila mwezi. Iwapo anadaiwa Sh 12,000,000, atalimaliza deni hilo baada ya miezi 100, sawa na miaka minane na miezi minne.

Mzigo huo ulikuwa mkubwa zaidi kabla ya Julai 2021, kutokana na tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka. Mdaiwa aliyekuwa anasubiri ajira aliona deni lake likikua bila kuongezewa shilingi. Tozo hiyo ilifutwa kufuatia agizo la Rais Samia Suluhu Hassan alilolitoa katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021.

Aliyejiajiri naye hana msamaha, kwani sheria inamtaka arejeshe kwa malipo ya kila mwezi. Ni busara akaomba taarifa ya deni lake mapema na kuanza kulipa, badala ya kusubiri kutafutwa.

Maandalizi ya mapema

Kwa kuwa sehemu kubwa ya nyaraka haitegemei matokeo ya mtihani, hakuna sababu ya kusubiri yatangazwe. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo, majina yanayofanana na kitambulisho cha taifa cha mdhamini ni mambo yanayoweza kukamilishwa mwanafunzi akiwa bado kidato cha sita.

Masharti na viwango hutolewa upya kila mwaka katika mwongozo wa Bodi, ambao hupatikana bila malipo kwenye tovuti yake. Mwongozo wa mwaka husika ndio wa kufuatwa, si maelezo ya kaka aliyeomba miaka mitatu iliyopita.