Hati Ndani ya Mtungi

Karibu na mwaka 587 KK, majeshi ya Babeli yakiwa yameuzingira Yerusalemu na njaa ikiuma ndani ya kuta, nabii Yeremia alinunua shamba. Alikuwa kizuizini katika ua wa walinzi, kwa amri ya mfalme Sedekia, kwa kuwa hakuacha kutangaza kwamba mji utatekwa. Shamba lenyewe lilikuwa Anathothi, kijijini kwao, kilomita tano hivi kutoka mjini, kwenye ardhi ambayo adui alikwisha kuikanyaga.

Muuzaji alikuwa Hanameli, mtoto wa ami yake. Kwa sheria iliyomo katika Walawi 25, mtu akibanwa na shida hata akauza ardhi, ndugu wa karibu ndiye wa kuikomboa ili isitoke mikononi mwa ukoo. Hanameli alikuja kudai haki hiyo, tena kwa mtu ambaye wanakijiji wa Anathothi walishawahi kula njama ya kumuua.

Manabii wengine husema tumaini kwa picha kubwa. Isaya analo jangwa linalochanua, Ezekieli ana mifupa mikavu inayosimama. Yeremia 32 inasomeka kama jalada la msajili wa ardhi, na ndiyo maana naipenda kuliko sura nyingi. Shekeli 17 za fedha zinapimwa kwa mizani, kwa kuwa Yuda haikuwa bado na sarafu. Jumla yake inakaribia gramu 190. Hati inaandikwa, mashahidi wanatia sahihi, muhuri unapigwa, na watu walioketi uani wanaona yote. Kisha Baruku, mwandishi wake, anaagizwa azitie hati katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Azitie, si aitie, kwa sababu nakala zilikuwa mbili, moja imefungwa kwa muhuri na nyingine iko wazi. Iliyo wazi ilikuwa ya kusomwa na yeyote. Iliyofungwa iliilinda: mtu akichezea bei au mpaka, muhuri ulivunjwa na maneno ya ndani yakaamua kesi. Desturi ya namna hiyo iliishi muda mrefu. Mwaka 1961, kikosi cha Yigael Yadin kilipata katika pango la jangwa la Yudea nyaraka za mwanamke aitwaye Babatha, aliyekuwa na mashamba ya mitende katika karne ya 2 BK. Baadhi yake zimeandikwa mara mbili kwenye karatasi moja ya mafunjo, sehemu ya juu ikakunjwa na kufungwa kwa uzi, mashahidi wakasaini mgongoni.

Na kwa nini mtungi? Mwaka 1982, Yigal Shiloh akichimba katika Mji wa Daudi, Yerusalemu, alikuta vibonge 51 vya udongo vilivyopigwa mihuri. Kimoja kina jina la Gemaria mwana wa Shafani, jina lilelile la afisa ambaye Baruku alisoma gombo la Yeremia katika chumba chake. Nyaraka zilizofungwa kwa vibonge hivyo hazipo tena: moto wa Wababeli uliteketeza mafunjo, ukauoka udongo ukawa mgumu kama kigae. Yeremia alikuwa ametabiri moto huo kwa miaka mingi. Aliponunua shamba hakubadili neno lake hata moja. Aliitunza hati kama mtu anayejua kwa hakika kwamba mji utaungua.

Tena hakuwa mtulivu. Sala yake ya mshangao, akimuuliza Mungu maana ya kununua ardhi wakati mji unaanguka, inakuja baada ya muhuri kupigwa. Kwanza alilipa, kisha akauliza.

Wala hakuwa na wa kumrithisha. Alikatazwa kuoa, hakuwa na mtoto, na mwisho alichukuliwa kwa nguvu kwenda Misri, Baruku akiwa pamoja naye. Biblia haimwonyeshi akilima hata tuta moja la shamba lile. Mtungi uliwekwa kwa ajili ya watu asiowajua, na katika orodha ya waliorudi kutoka uhamishoni, iliyohifadhiwa katika Ezra 2 katikati ya majina na hesabu za vijiji, wamo wanaume wa Anathothi 128.