Unauza Hisa Ulipe Vibarua? Angalia Kwanza Kalenda ya Sikukuu

Kuna swali linanifikia sana kutoka kwa wakulima wa Urambo, Sikonge na Uyui: "Afisa, nimeuza hisa zangu kwa simu, mbona hela haijaingia?" Ukimuuliza aliuza lini, mara nyingi unakuta sikukuu imekaa katikati.

Wengi wenu siku hizi mnatoa sehemu ya hela ya tumbaku au asali mnanunua hisa pale Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE. Wengine CRDB, wengine NMB, na wapo walionunua TCC, kampuni ya sigara, wakisema wanafuata jani lao linakokwenda. Mimi naliunga mkono hilo. Ila msiichukulie hisa kama M-Pesa. M-Pesa unatoa hata usiku wa Krismasi. Soko la hisa linafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa tu, na kila sikukuu ya kitaifa linafunga. Ukiweka oda Jumatatu ya Pasaka, oda itasubiri tu. Haikutani na mnunuzi mpaka soko lifunguliwe.

Halafu kuna jambo la pili, na hapa ndipo watu wanaumia. Hisa ikishauzwa, malipo yanakamilika siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo. Nasema siku ya KAZI. Wikiendi haihesabiwi, sikukuu nayo haihesabiwi.

Tuhesabu pamoja Aprili 2026. Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na kesho yake Jumanne tarehe 7 ni Karume Day. Weka na wikiendi: soko limefungwa siku tano mfululizo. Umeuza Alhamisi tarehe 2 ili ulipe vibarua wanaopanga madaraja ya tumbaku. Siku ya kwanza ya kazi ni Jumatano tarehe 8, ya pili Alhamisi tarehe 9, ya tatu Ijumaa tarehe 10. Siku nane hizo! Na dalali wako bado anatakiwa akurushie kwenye akaunti. Kibarua hataki kusikia habari za Karume, anataka hela yake. Ungeuza Ijumaa tarehe 27 Machi, malipo yangekamilika Jumatano tarehe 1 Aprili, kabla ya sikukuu zote hizo.

Watu wa Tabora hatupaswi kushangaa biashara ikiwa na kalenda. Enzi za misafara ya pembe kwenda Bagamoyo, wapagazi wa Kinyamwezi walipenda kusafiri kiangazi na kurudi nyumbani kulima mvua zikikaribia. Tajiri asiyejua msimu wa mtama alikosa wa kumbebea mzigo.

Kwa anayenunua, hesabu ni hiyo hiyo. Kampuni ikitangaza gawio inataja siku ya kufunga daftari la wanahisa. Ukinunua zikiwa zimebaki siku mbili za kazi, jina lako halitakuwemo na gawio atachukua aliyekuuzia. Kwa hiyo ukiona tangazo la gawio, angalia kama kuna Mei Mosi au Idi hapo katikati.

Idi zenyewe zinafuata mwezi kuandama, kwa hiyo tarehe ya kwenye kalenda ya ukutani ni makadirio. Na kuna mapumziko yanayotangazwa na Rais muda mfupi kabla, kama siku ya Sensa, Jumanne 23 Agosti 2022. Mimi huwa naacha siku mbili za ziada.

Wenye hisa za KCB, ambayo iko Nairobi na Dar pia, mjue Kenya wana sikukuu zao. Tarehe 1 Juni wao wako kwenye Madaraka, sisi soko liko wazi. Kwao pia sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu wanapumzika. Huku kwetu ikiangukia wikiendi, basi, imeliwa. Nane Nane ya 2026 ni Jumamosi, kwa hiyo njooni Ipuli kwenye maonyesho bila wasiwasi, soko halipotezi hata siku moja.

Kubwa ninalowaomba ni Desemba, maana ndipo mahindi yanadai mbolea ya kukuzia na mvua haisubiri. Mwaka 2026, ukiuza Jumatano tarehe 23, malipo yanakamilika Jumanne tarehe 29. Ukiuza Jumatano ya kabla yake, tarehe 16, yanakamilika Jumatatu tarehe 21, na duka la pembejeo bado liko wazi.