Kuacha Chuo Hakufuti Deni

Binti wa jirani yetu aliolewa akiwa katikati ya muhula wa pili chuoni. Arusi ilipita kwa salama, alhamdulillahi, naye akamfuata mumewe Lamu. Hakuna aliyekwenda chuoni kuaga. Mamake alidhani, kama wengi wetu tunavyodhani, kuwa asiyeketi darasani hadaiwi. Miezi kadhaa baadaye binti alitaka matokeo yake ili aendelee na masomo karibu na kwake. Akaambiwa alipe kwanza karo ya mihula miwili: ule aliouacha katikati, na mwengine ambao hakuukanyaga hata siku moja. Jina lake lilikuwa lingali daftarini.

Sina nia ya kuwatetea wenye vyuo. Lakini karo hutozwa kwa muhula, si kwa siku, na mwanafunzi akishajisajili amekwisha kufunga mkataba. Vyuo vingi huweka muda mfupi mwanzoni mwa muhula ambapo anayejiondoa hurejeshewa sehemu ya karo. Muda huo ukipita, hudaiwa yote. Kila chuo kina kanuni zake, nazo huwa zimeandikwa katika zile karatasi za kukubaliwa ambazo sisi wazazi hutia sahihi tukiwa na haraka ya kununua godoro na ndoo.

Anayeondoka na aandike barua kwa msajili wa masomo, apeleke nakala kwa idara yake na kwa ofisi ya fedha, na ahakikishe nakala yake imepigwa muhuri wenye tarehe, kwani kwa kawaida hesabu hufuata tarehe hiyo. Arudishe vitabu vya maktaba na ufunguo wa bweni, kisha aombe taarifa ya hesabu yake kwa maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni; twaikumbuka dukani, chuoni tukaisahau.

Tena si kila dharura yahitaji kujiondoa. Mwenye kujifungua, mgonjwa, aliye edani au aliyekwama kwa karo aweza kuomba kuahirisha masomo. Nafasi yake huhifadhiwa, na akiomba mapema, kabla ya kujisajili kwa muhula, huepuka karo ya muhula ambao hatausoma. Dada zetu wengi wamepoteza nafasi zao kwa kutojua mlango huu upo.

Mwenye mkopo wa HELB ana jambo la ziada. Bodi hiyo hupeleka fedha za karo moja kwa moja chuoni, na za matumizi kwa mwanafunzi. Zote zilizokwisha kutolewa ni deni lake, amalize masomo asimalize, pamoja na riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa mkopo wa shahada ya kwanza. Basi bodi nayo iarifiwe, isiendelee kutuma fedha kwa mtu ambaye hayupo. Na hundi ya basari iliyoingia chuoni iulizwe ilikokwenda.

Yule binti, babake alipeleka cheti cha ndoa chenye tarehe, pamoja na barua ya maombi. Baada ya safari tatu, chuo kilikubali kuufuta muhula ambao hakuusoma. Ule mwengine mumewe anaulipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.