Kutoka Barakoa hadi Uso Wazi: Mwaka Mmoja wa Vyama vya Drama na Mdahalo katika Shule za Upili za Kenya

Ikisiri

Mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya hupima Kiswahili kwa maandishi pekee. Makala haya yanafafanua jinsi stadi ya kuzungumza inavyojengwa nje ya darasa, katika vyama vya drama na mdahalo, kwa kufuata mihula mitatu ya mwaka wa shule. Yanadai kwamba mfuatano wa drama kisha mdahalo una manufaa ya kifunzi ambayo hayakupangwa na mtu, na kwamba manufaa hayo huharibiwa na namna lafudhi za wanafunzi zinavyotumiwa kuchekeshea hadhira.

1.0 Utangulizi

Mtahiniwa wa Kiswahili katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne hufanya karatasi tatu: Insha, yenye alama 40, Lugha, yenye alama 80, na Fasihi, yenye alama 80. Katika alama hizo 200, hakuna hata moja inayotolewa kwa kufungua kinywa. Mwanafunzi anaweza kuorodhesha sifa za sajili ya mahakamani na kupata alama zote, ilhali hajawahi kusimama mbele ya watu kuitetea kauli yake mwenyewe.

Nchi inayomtahini hivyo, hata hivyo, inamtarajia azungumze. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Bungeni lugha hii imetumika tangu Julai 1974. Mikutano ya hadhara, mabaraza ya machifu na vituo vya redio huendeshwa kwayo kila siku. Swali linalotukabili ni hili: mwanafunzi huyu hujifunzia wapi kuzungumza?

Jibu la makala haya ni kwamba hujifunzia vyamani. Maelezo yanayofuata yanatokana na nafasi tatu nilizowahi kuzishika: mwanachama katika miaka ya 1990, mwalimu mlezi wa vyama hivyo baadaye, na sasa mtafiti wa lugha. Sikusudii kutoa takwimu. Nakusudia kueleza jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi.

2.0 Muhula wa Kwanza: Barakoa

Muhula wa kwanza ni wa drama. Tamasha la drama la shule za Kenya lilianza mwaka 1959 chini ya usimamizi wa British Council, wakati ambapo Kiingereza ndicho kilichotawala jukwaa. Leo Kiswahili kina nafasi yake kamili, na tanzu ni nyingi: mchezo wa kuigiza, usimulizi, ushairi wa kughani, ngoma ya kubuni na nyinginezo. Shule hupanda ngazi kwa ngazi kutoka mashindano ya karibu na nyumbani hadi fainali za kitaifa, ambazo kwa kawaida hufanyika shule zikiwa zimefungwa mwezi wa Aprili.

Kwa mtazamo wa ujifunzaji wa lugha, mambo mawili hutendeka katika majuma hayo ya mazoezi. La kwanza ni urudiaji wenye maana. Darasani, kumrudisha mwanafunzi kwenye sentensi ileile mara ishirini ni adhabu. Jukwaani ni kazi. Mwelekezi humwambia, "Hapo humwombi, unamwamuru," na mwanafunzi hulazimika kutafuta kiimbo, kituo na kasi vinavyobeba amri. Hajaambiwa chochote kuhusu viambajengo vya matamshi, lakini ndivyo anavyovifanyia kazi.

La pili ni kuazima sajili. Kijana wa miaka kumi na sita hupewa kauli za hakimu, za mganga, za mama mkwe au za mwenyekiti wa chama cha ushirika. Kwa wiki kadhaa huishi ndani ya maneno ambayo umri wake haukumruhusu kuyatamka. Na akikosea, kosa si lake. Ni la mhusika. Hii ndiyo faida kuu ya barakoa. Mwanafunzi ambaye darasani hujificha nyuma ya mgongo wa mwenzake huweza kunguruma jukwaani, kwa kuwa anayenguruma si yeye.

3.0 Lafudhi na Kicheko

Barakoa hiyo ina upande wa pili. Katika michezo mingi ya shule ugavi wa matamshi hufuata kanuni isiyoandikwa: shujaa huzungumza Kiswahili sanifu kisicho na doa, naye bawabu, mpishi au mkulima hupewa lafudhi nzito ya kikabila. Hadhira hucheka, na waamuzi pia hucheka.

Nikiwa kidato cha pili nilipewa nafasi ya bawabu. Lugha yangu ya kwanza ni Kibukusu, na katika Kibukusu vipasuo ghuna /d/ na /g/ havisimami bila kutanguliwa na nazali. Kwa hiyo /ng/ katika "ngoma" haikunisumbua, bali "gari" lilikuwa "kari" na "dada" akawa "tata". Huo haukuwa uzembe wa ulimi. Ulikuwa mfumo kamili wa fonolojia ukifanya kazi yake sawasawa katika lugha isiyokuwa yake. Mwelekezi wetu hakuniomba niige chochote. Alinichagua kwa sababu sikuhitaji kuiga. Tulipoigiza, ukumbi ulianguka kwa kicheko, nami nilifurahi. Niliamini nimekuwa mwigizaji hodari.

Muhula uliofuata nilisimama katika mdahalo kuunga mkono hoja kuhusu bei ya mazao ya wakulima, jambo nililolijua vizuri kwa kuwa baba yangu alilima miwa. Nilipofika kwenye neno "gunia", ukumbi ulicheka kicheko kilekile. Safari hii hapakuwa na bawabu wa kuchekwa. Niliketi, na sikusimama tena mwaka huo.

Ninasimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha utaratibu, si kwa sababu ni changu. Jukwaa lilikuwa limeifunza hadhira kwamba lafudhi ile ni ya mtu asiyefaa kusikilizwa. Mdahalo ulipofika, hadhira ilitumia ilichofunzwa.

4.0 Muhula wa Pili: Uso Wazi

Mdahalo huvua barakoa. Mzungumzaji husimama kwa jina lake na kutetea hoja ambayo pengine amepangiwa, lakini maneno ni yake. Muundo wake umeazimwa bungeni: kuna spika au mwenyekiti, katibu, mtunza wakati, mpendekezaji mkuu na mpinzani mkuu, na yeyote anaweza kuinuka na kudai hoja ya nidhamu au hoja ya taarifa.

Walimu wengi hulalamikia salamu ndefu zinazofungulia kila hotuba, ambapo spika, waamuzi, mtunza wakati na wenzake wote hutajwa mmoja mmoja kabla ya hoja kuanza. Wanaona ni kasuku anayezungumza. Mimi naona ni ngazi. Salamu hiyo ni sehemu ya mwisho ya mswada uliokaririwa. Humpa mzungumzaji nusu dakika ya kusikia sauti yake mwenyewe ikisikika ukumbini kabla hajaingia kwenye maneno ambayo hakuna aliyemwandikia. Aliyetoka drama huitambua hali hiyo. Tayari anajua kusimama, kutazama mbele na kungoja makofi yatulie.

Kutoka hapo lugha hubadilika kwa namna inayoweza kusikika. Katika mswada wa mchezo, sentensi hufuatana kwa sababu mwandishi amezipanga. Katika mdahalo, mwanafunzi hulazimika kutafuta viunganishi vya kukubali na kupinga kwa pumzi moja: "ingawa", "licha ya", "hata kama ni kweli kwamba", "seuze". Darasani maneno haya hufunzwa kama orodha. Katika mdahalo, asiyekuwa nayo hushindwa. Hoja ya taarifa nayo humfunza jambo ambalo hakuna karatasi ya mtihani inayolipima: kumsikiliza mpinzani hadi mwisho ili ajue pa kumshika.

5.0 Muhula wa Tatu: Kimya

Muhula wa tatu vyama hunyamaza. Kidato cha nne huingia katika mitihani, na kumbi zilizokuwa na jukwaa hupangwa madawati. Kinachobaki huonekana karatasini. Mwalimu anayesahihisha insha ya mdahalo au ya hotuba hutambua kwa urahisi mwandishi aliyewahi kuzungumza mbele ya watu, kwani hoja zake zina msikilizaji. Hutarajia pingamizi na kulijibu kabla halijatolewa. Aliyekariri kanuni za insha pekee hupanga hoja zake kama magunia ghalani, moja juu ya jingine, bila mlango wa mtu mwingine kuingia.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mtaala wa umilisi umeweka kusikiliza na kuzungumza kuwa miongoni mwa mada kuu za Kiswahili, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, katika shule ya upili ya juu sanaa za maonyesho zimewekwa katika mkondo wa sanaa na michezo. Tusipokuwa waangalifu, jukwaa litabaki mali ya wenye vipaji, na mwanafunzi mwoga anayelihitaji zaidi ataelekezwa kwingine.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, vyama vya drama na mdahalo viwe wazi kwa wanafunzi wa mikondo yote, na vifuatane kwa mpangilio ulioelezwa hapa. Pili, miongozo ya waamuzi itenganishe lafudhi na kosa la lugha: anayesema "kari" amekiuka matamshi sanifu na anaweza kusaidiwa, lakini hoja yake ipimwe kama hoja. Tatu, waandishi wa michezo ya shule wajiulize kwa nini bawabu ndiye mwenye lafudhi na hakimu hana. Wampe hakimu lafudhi walau mara moja, bila kumfanya kichekesho, wasikilize ukumbi utafanya nini.

Nina hakika ukumbi utatulia baada ya dakika chache na kuanza kuisikiliza hukumu.