Buibui katika Nyumba

Mjini Goma nyumba nyingi ni za mbao, nazo zimejengwa juu ya mawe meusi ya mlima Nyiragongo. Mwezi wa Januari 2002 mto wa moto ulipita katikati ya mji. Ulipopoa, watu wakajenga tena palepale. Kati ya mbao mna nyufa, na kuta za ua zimejaa matundu. Buibui hupenda mahali pa namna hiyo.

Nzi ana miguu 6, lakini buibui ana miguu 8, wala hana mabawa. Buibui wengi hutega utando, kisha hungoja. Nzi au mbu akinaswa, humwuma kwa sumu na kumfyonza. Watoto humwua buibui wakimwona tu, na hiyo ni hasara. Wa uani aachwe afanye kazi yake. Wengi hawamdhuru mtu.

Ndani ya nyumba ni habari nyingine. Utando hukusanya vumbi na masizi, nao huangukia chakula. Basi ufagio ufungwe kwenye mti mrefu, pembe za dari zifagiliwe kila juma. Kifuko cheupe cha mayai kiondolewe upesi, maana humo hutoka watoto wengi sana. Nyufa zizibwe. Taa isiwake bure mlangoni usiku: huita wadudu, na buibui hufuata chakula chake. Dawa ya sumu isinyunyizwe penye chakula.

Anayeokota mawe asitie mkono tunduni bila kutazama. Viatu vilivyolala nje vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.